Daftari la Maziko na Daftari la Dawa

Sisi huku Mwamkulu ni wakulima wa mpunga, upande wa Mpanda katika Mkoa wa Katavi, katika bonde la mto Katuma. Mimi ni mwalimu wa watoto. Si daktari, wala si mkubwa wa serikali. Neno nitakalowaambia leo silo la kusoma kitabuni tu, bali nimeliona kwa macho yangu, na sehemu yake imeniuma mimi mwenyewe. Nataka kunena habari za bima ya afya, yaani mpango wa watu kuchanga fedha wakiwa wazima, ili yeyote kati yao akiugua atibiwe pasipo kuuza alichonacho. Najua ya kuwa wengi mkisikia jina hili huziba masikio, na sababu mnazo. Nawasihi mnisikilize hata mwisho, ndipo mnihukumu.

Nitaanza na ajali. Jirani yangu mmoja alikuwa na mkokoteni na maksai wawili wazuri. Kwa maksai hao alijilimia shamba lake, tena aliwachukulia watu magunia ya mpunga kutoka mashambani, akapata fedha kidogo za kusomeshea watoto. Siku moja ya mwezi wa Juni mwaka 2022, tulipokuwa tumemaliza kuvuna, watoto wawili walipanda juu ya magunia hayo, mmoja wake na mmoja wangu. Wote wawili walikuwa na miaka kumi, tena walisoma darasa moja, wala hukuweza kumwona mmoja pasipo mwenzake. Walipofika penye korongo, gurudumu moja likazama shimoni, mkokoteni ukapinduka, magunia yakawaangukia. Sisi wazee tukaitwa kwa mayowe. Tulipoyaondoa magunia tukaona ya kuwa kila mmoja amevunjika mfupa wa paja, wangu wa kushoto, wake wa kulia.

Basi tukawafunga kwa vijiti na kanga, tukatafuta gari, tukawapeleka hospitali. Njiani wale watoto walishikana mikono, wakilia kwa zamu. Tulipofika penye dirisha la kuandikishwa, mimi nikatoa kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya. Kadi ile sikuipata kwa werevu wangu. Mfuko ule ulitungiwa sheria mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mtumishi wa serikali hukatwa sehemu tatu katika kila mia ya mshahara wake, na mwajiri huongeza tatu nyingine; naye mtumishi haulizwi kama apenda au hapendi. Nawaambieni kweli, kama ningaliachiwa hiari yangu, miaka mingi ningalizitumia fedha zile kununua mabati. Karani akaitazama kadi, akaandika, mambo yakaisha. Kisha akamwuliza jirani yangu, "Na wewe mzee, kadi?" Akajibu, "Sina." Akaonyeshwa hesabu ya fedha za kuanzia.

Watoto wetu walilazwa vitanda viwili vilivyokaribiana. Daktari alitueleza ya kuwa mfupa wa paja wa mtoto wataka kuvutwa kwa uzito majuma mengi, ili uungane katika unyofu wake. Ukiachwa kabla ya wakati, mguu hufupika na kupinda. Juma la kwanza jirani yangu aliuza maksai mmoja. Juma la tatu akauza wa pili, na huyo alikwenda kwa bei ya hasara, maana mnunuzi akijua ya kuwa una shida hakuhurumii. Juma la nne alikuja akakaa chini ya dirisha, akaniambia, "Mwalimu, sina tena cha kuuza ila mbegu, na mbegu nikiiuza nitawaua wote." Nilimpa nilichokuwa nacho, lakini hakikutosha. Kesho yake alimfungua mwanawe, akambeba mgongoni, akampeleka kwa mtu aungaye mifupa kwa dawa za miti. Mwanangu akabaki akitazama kitanda kitupu, akaniuliza, "Baba, mwenzangu amekwisha kupona?"

Simlaumu jirani yangu, wala siwalaumu wauguzi, kwani wao walifuata kanuni walizopewa. Nasema tu matokeo yake. Mwanangu hutembea leo kama mtu asiyevunjika kamwe. Mwana wa jirani yangu mguu wake ulifupika, naye huchechemea. Miaka iliyofuata, hata walipomaliza darasa la saba, kila asubuhi niliwaona wakiingia darasani, mmoja akipunguza mwendo ili mwenzake asiachwe nyuma. Gunia lililowaangukia lilikuwa moja, na hospitali ilikuwa moja. Kilichowatenga ni kipande cha kadi.

Sasa yanipasa kusema jambo linaloniumiza zaidi. Jirani yangu hakukosa kadi kwa ujinga. Siku za nyuma, mpango wa Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa, kila nyumba ya watu sita ilitakiwa kutoa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mimi nilikuwa mmoja wa wale waliopita nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu. Nilifika kwake, nikamweleza, akanisadiki kwa kuwa ni mwalimu wa mwanawe. Akauza mpunga, akalipa. Mwaka ule mkewe alikwenda zahanati akiwa na homa, akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Akaenda tena na mtoto mwenye kikohozi, jibu likawa lile lile. Mara ya tatu hakwenda. Mwaka ulipokwisha nilirudi kumkumbusha kulipa, naye akaniambia, "Mwalimu, mimi nilinunua kadi, sikununua dawa."

Neno hilo lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu. Walakini badala ya kunyamaza, au kwenda naye kuuliza dawa zilipo, nilikasirika. Nikamwambia, "Basi, shauri lako," nikaenda zangu. Mwaka ule ule mkokoteni ukapinduka. Msomaji, neno "shauri lako" ni fupi sana kinywani, lakini siku nyingi nimelisikia likinirudia kila nilipousikia mguu wa mtoto yule ukiburuza sakafuni mwa darasa.

Mwaka wa pili yake ulitokea msiba. Mtu wa kijiji chetu, mwenye nguvu zake, alikuwa na ngiri kwa muda mrefu. Aliambiwa apasuliwe, naye akasema angoje mavuno apate fedha. Mavuno hayajafika, ngiri ikajifunga ghafula usiku, na kabla ya kupambazuka mtu akawa amekufa. Hapa kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana, nami ni karani wake. Usiku ule nikafungua daftari, nikawasha taa, watu wakaanza kuja. Huyu akatoa fedha, huyu debe la mahindi, huyu mchele, huyu mzigo wa kuni, ndugu zake wakatoa ng'ombe wa kuwalisha waombolezaji. Hakuna aliyeambiwa mara mbili. Tulipofanya hesabu, fedha zilizopatikana usiku mmoja zilizidi zile alizotakiwa marehemu kuzitoa ili apasuliwe.

Jirani yangu alikuwa ameketi kando yangu akinishikia taa. Akaitazama ile jumla niliyoipigia mstari, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, daftari hili lingalifunguliwa mwezi uliopita, usiku huu tungalikuwa tumelala majumbani mwetu."

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiri neno hilo. Sisi si watu wachoyo, wala si watu tusiojua kuchanga. Mtu akifa, sanda twaichangia, jeneza twalichangia, chakula cha matanga twakichangia. Lakini mtu akiwa hai na kuugua, twamwachia mzigo wake, kila mtu na ng'ombe wake, hata aishiwe. Twafungua daftari wakati fedha haziwezi kumfaa tena mwenyewe. Nikaona ya kuwa bima ya afya si jambo geni lililotoka mbali. Ni lile lile daftari letu la maziko, ila hufunguliwa mapema.

Nikaanza kuzitazama kanuni za chama chetu, moja moja, nikashangaa kuona jinsi zinavyojibu maswali ambayo watu huniuliza juu ya bima.

Wengine husema, "Nikilipa mwaka mzima nisiugue, fedha zangu zimepotea." Nami nawauliza, ni nani katika chama chetu aliyekuja kwa karani mwisho wa mwaka akasema, "Mwaka huu sikufiwa, nirudishieni fungu langu"? Mtu kama huyo tungalimcheka. Asiyefiwa humshukuru Mungu, na fungu lake limemzika mwenzake.

Wengine husema, "Nitajiunga nitakapougua." Katika chama chetu alikuja mtu mwenye baba mahututi, akataka kuandikwa siku ile ile. Wazee walimkatalia, si kwa ukatili, bali kwa kuwa kila mtu akifanya hivyo daftari halitakuwa na kitu. Kisima hakichimbwi siku ya kiu.

Wengine huuliza, "Na maskini je?" Kijijini petu yuko mama mmoja mjane, mkongwe, asiye na mtoto. Jina lake limo daftarini, na mbele yake hapana hesabu, pana neno moja tu, "Amesamehewa." Siku atakapokufa atazikwa kama wengine, wala hapana atakayeuliza alitoa nini. Wazee wetu walijua tangu zamani ya kuwa chama kinachomwacha maskini nje si chama, ni biashara.

Na wengine huuliza, "Nani atalinda fedha?" Hili ni swali zuri kuliko yote. Mimi karani husoma hesabu mbele ya watu wote kila robo ya mwaka, na mweka hazina hutoa fedha zikaonekana. Siku hesabu haikupatana, tulikaa mpaka usiku hata ikapatana. Penye siri fedha huyeyuka.

Lakini chama chetu kina mpaka wake. Maziko ya mtu mmoja kijiji chaweza kuyabeba. Ugonjwa wa mtu mmoja wapita nguvu za kijiji. Tuone kwa mfano. Tuseme kijiji kina nyumba mia, na mwaka huu nyumba moja imepatwa na ugonjwa wa kuuza maksai wawili, kama jirani yangu. Kila nyumba ikitoa sehemu yake, fungu la nyumba moja halizidi sana bei ya kuku. Je, ni afadhali kutoa kuku kila mwaka, au kukaa na hofu ya kutoa maksai wawili siku usiyoijua? Walakini huenda mwaka mmoja nyumba tano zikapatwa pamoja, na kijiji kizima kikashindwa. Bali watu wa nchi nzima wakichanga mfuko mmoja, wa ziwani na wa pwani, wa mjini na wa shamba, mwaka ulio mbaya Mpanda huenda ni mwema Mtwara, na mfuko husimama.

Kabla ya kunena habari za sheria mpya, yafaa tukumbuke tulikotoka. Katika mkoa wetu huu, huko Karema ukingoni mwa ziwa Tanganyika, aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa Afrika ya Magharibi karibu na mto Niger, akatekwa utotoni, akauzwa utumwani. Wamisionari wakamkomboa, wakampeleka kisiwa cha Malta kusoma uganga. Karibu na mwisho wa miaka ya 1880 alifika Karema, akawatibu watu hata alipofariki mwaka 1956, muda wa zaidi ya miaka sitini. Mtu aliyenunuliwa kwa fedha akawa mponyaji wa watu wasio na fedha. Tuwashukuru watu wa namna hii. Lakini mtu mmoja, hata awe mwema kiasi gani, hawezi kufika kila kijiji, naye akifa pahali pake hubaki wazi. Huruma huanzisha kazi njema, lakini pasipo mpango wa kudumu kazi hiyo haiwezi kuenea nchi nzima.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961, Mwalimu Julius Nyerere alitutajia adui watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali ilieneza zahanati na vituo vya afya vijijini, na matibabu yake hayakulipiwa. Wazee wetu wakumbuka siku hizo. Uchumi wa nchi ulipodhoofika, dawa zikapungua, na mwaka 1993 serikali ilianza kuwatoza wagonjwa sehemu ya gharama. Wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka sitini na zaidi wasio na uwezo walisamehewa. Hiyo ni kanuni njema. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyevunjika paja hamo katika hesabu hiyo, wala baba yake mwenye miaka arobaini.

Mwaka 1996, huko Igunga katika Mkoa wa Tabora, ulianza kujaribiwa ule Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Ndio mfuko niliowahimizia watu wa Mwamkulu. Nia yake ilikuwa njema, lakini ulikuwa na udhaifu mmoja mkubwa, kwamba mtu aliingia kwa hiari yake. Basi wazima wengi walikaa nje wakingoja waugue, na wagonjwa ndio waliokimbilia kuingia. Fedha zikawa kidogo na mahitaji mengi, dawa zikakosekana, dawa zilipokosekana wale waliolipa wakatoka, na walipotoka fedha zikapungua tena. Hivyo ndivyo jirani yangu alivyotoka. Yeye hakuuvunja mfuko. Mfuko ulikuwa umetoboka kabla hajatia fungu lake.

Sasa nimefika penye sheria. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulipelekwa bungeni mwaka 2022. Ulipoonekana una mambo ya kujadiliwa zaidi, uliahirishwa, ukarudishwa tena, na tarehe 2 Novemba 2023 Bunge huko Dodoma likaupitisha. Mambo yake makubwa ni haya. Kwanza, kila mkaaji wa nchi apaswa kuwa na bima. Si watumishi wa serikali peke yao. Pili, mtu huchangia kwa ajili ya nyumba yake, yaani yeye, mwenzi wake, na wategemezi wasiozidi wanne. Tatu, wasio na uwezo watalipiwa kutoka mfuko maalumu unaopata fedha katika kodi na ushuru, kama vile ushuru wa vileo na vinywaji vyenye gesi, wa vipodozi, na kodi ya michezo ya kubahatisha. Yule mjane wetu aliyeandikwa "Amesamehewa" katika daftari la kijiji aandikwe hivyo katika daftari la nchi.

Wako wasemao, "Kwa nini tulazimishwe?" Nami nilisema kadi yangu niliipata kwa kulazimishwa, na mguu wa mwanangu ulipona kwa kulazimishwa huko. Tena si sisi wa kwanza. Wadachi, wale waliotawala nchi hii zamani, walitunga sheria ya bima ya ugonjwa kwa wafanyakazi wao mwaka 1883. Waingereza walifuata njia nyingine, na tarehe 5 Julai 1948 walianzisha matibabu ya watu wote yanayolipwa kwa kodi. Karibu na sisi iko Rwanda. Nchi ile ilivunjika vibaya mwaka 1994. Lakini tangu mwaka 1999 ilianza kujaribu mifuko ya afya ya vijiji, kisha ikaieneza nchi nzima, kila mtu akatakiwa kuingia, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Watu wengi zaidi wa Rwanda wamo katika bima, nao ni wakulima wa jembe kama sisi. Wao hawakungoja watajirike kwanza.

Hata hivyo sitaki kurudia kosa langu la kwanza, kuwahubiria watu kadi na kusahau dawa. Sheria haitibu homa. Zahanati ikiwa haina dawa wala mtu wa kuipokea homa yako, kadi ni karatasi. Kwa hiyo naunga mkono sheria hii kwa moyo wote, lakini nasema kuunga mkono si kulipa na kukaa kimya. Kijiji kina serikali yake, na zahanati ina kamati yake, na katika kamati hiyo wamo wanakijiji. Tuwachague watu wanaojua kusoma hesabu, wala tusiwachague kwa ajili ya ukoo. Tuulize dawa gani ziliombwa kutoka Bohari ya Dawa, zipi zilifika, na zipi ziliisha lini. Hesabu isomwe mbele ya watu kama ninavyosoma daftari la maziko. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza, na hapo ndipo tofauti ya bima na sadaka. Apewaye sadaka hushukuru na kunyamaza, bali mchangiaji huuliza fungu lake lilikokwenda.

Tena wazazi, tuwaandikishe watoto wetu wangali wazima. Niliwahi kumsikia mama mmoja akisema ya kuwa kumwekea mtoto fedha za ugonjwa ni kumwitia ugonjwa. Nikamwambia, "Mama, mbona wajenga ghala kabla ya njaa, na hujamwitia njaa mtu?" Akacheka, nami nikajua amenielewa, kwa kuwa ghala lake ni kubwa kuliko langu.

Sheria ilipoelezwa katika mkutano wetu wa kijiji, watu walikaa kimya muda mrefu. Mimi nilikuwa kati yao, nikaogopa kusema. Ndipo jirani yangu akasimama. Nilidhani atasema juu ya kadi yake isiyokuwa na dawa, na kama angalisema hivyo nisingalikuwa na la kumjibu. Akageuka, akanitazama mbele ya watu wote, akasema, "Mwalimu, uliwahi kuniambia, shauri lako."

Nikasimama, nikasema, "Mzee wangu, nilikosa. Nisamehe. Haikuwa shauri lako peke yako, ilikuwa shauri letu."

Akasema, "Basi. Nitajiandikisha tena. Lakini safari hii hutanikabidhi karatasi ukaenda zako. Tutakwenda zahanati wote wawili, tukaulize dawa pamoja, na zisipokuwapo tutarudi hapa wote wawili kuwaambia watu." Watu wakacheka, na wengine wakapiga makofi. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameegemea mti kwa mguu wake mzima, na mwanangu kando yake.

Tangu siku hiyo tumekwenda zahanati mara nyingi, sisi wawili, mwalimu na mkulima. Siku nyingine tumekuta dawa, siku nyingine tumezikosa, na tulipozikosa tumesema waziwazi, na mara nyingine kusema kwetu kumezileta. Kazi hii haijaisha, wala mtu asidhani sheria imeimaliza. Lakini sasa haibebwi na kila nyumba peke yake.

Wasomaji wapenzi, katika vijiji vyenu bila shaka liko daftari la maziko. Jioni moja lifungueni pasipo msiba. Someni majina ya waliokufa miaka michache hii, mkaulizane kwa utulivu ni wangapi kati yao waliokufa kwa kukosa fedha za dawa, na ni kiasi gani tulichotoa siku ya kuwazika. Mkiisha kufanya hesabu hiyo hamtahitaji mwalimu wa kuwafundisha bima ni nini. Nami naomba yule mtoto wa jirani yangu awe wa mwisho kijijini petu kulipia kwa mguu wake jambo ambalo sisi wote tungaliweza kulilipia kwa kuku mmoja mmoja.

Nawaageni kwa heshima.

Mimi mwalimu wenu,
Mwamkulu, Mpanda.